Mguu Kwangu, Kifua Kwako

3 Machi 1996

Kwa Kengele, wifi yangu,

Barua yako ya mwezi uliopita ninayo hapa juu ya meza ya pasi. Imepata alama ya moto pembeni kwa sababu niliisoma nikiwa kazini, unisamehe. Msimamizi wa dobi alinikuta nacheka peke yangu kwa yale uliyoandika juu ya plasta yako, kwamba wenzako wa kiwanda cha chapa wameipiga mihuri yote waliyonayo mpaka mguu unafanana na kifurushi kilichokosa mwenyewe. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nacheka mguu wa wifi yangu. Akasema, "Nyinyi mawifi mna mambo."

Je, plasta imeshafunguliwa? Wiki sita zimepita tangu uanguke kwenye ngazi za kazini. Ukifunguliwa usianze kukimbia.

Huku nyumba ni ileile. Mwezi wa tisa huu tangu kaka yako atutoke, na wateja bado wanakuja na saa zao. Wanafika mlangoni, wanauliza, "Sekunde yupo?" Halafu wanaiona meza yake imefunikwa shuka, wanakumbuka, wanashika mdomo. Jana alikuja mzee mmoja kufuata saa aliyoiacha mwaka jana. Nikamwambia haikuwahi kutengenezwa. Akasema, "Basi mama, nipe hivyohivyo mbovu, nilishaizoea." Nikampa. Akaivaa, akaenda zake akiitazama.

Ile saa ya mkononi ya Sekunde mwenyewe naitia ufunguo kila siku saa kumi na mbili jioni, kama alivyokuwa akifanya. Mara ishirini, akihesabu kwa midomo bila sauti. Nami nahesabu hivyohivyo. Siku nikisahau, najua nyumba itakuwa kimya mno.

Umeniuliza tena siku zake za mwisho zilikuwaje. Nilishakuambia, wifi. Hakuumwa. Alikuwa anamalizia zile saa kumi na nne za stesheni, akainuka kitini, akaanguka. Hospitali walisema ni mapafu. Sina zaidi.

Ni mimi,
Mvuke
(jina hili alinipa yeye kwa ajili ya pasi zangu, sasa umebaki wewe tu wa kuniita)

*

8 Machi 1996

Kwa Mvuke, mke wa kaka yangu na mtani wangu,

Plasta imefunguliwa, lakini pongezi ziweke kwanza.

Mguu ulipotoka ulikuwa mwembamba kama mpini wa mwavuli. Nikafurahi hivyohivyo, ni mguu wangu. Siku ya nne shavu la mguu likaanza kuvimba. Sasa limejaa, lina joto, linang'aa, na soksi nikiivua inaacha mtaro. Mama Pacha, jirani yangu wa chini, anasema ni damu inarudi nyumbani baada ya safari ndefu, isaidiwe njia. Kila jioni anapanda na mafuta yake ya moto, ananikanda mpaka machozi. Nikilia anasema, "Lia, lia, ndiyo inafunguka hiyo." Mwanamke ana vidole kama koleo.

Mkuu wa chapa ananiuliza kwa nini simpigii wifi yangu simu nikaacha kumaliza karatasi zake. Nimpigie nisikie nini? Mashine zake zimekula masikio yangu miaka ishirini na sita. Kwenye simu nasikia nyuki. Ndiyo maana kaka aliniita Kengele, alisema nikinong'ona mtaa mzima unaamka. Acha tuandikiane.

Usione mwandiko umepinda, barua hii nimeiandika kwa mapumziko matatu. Na ngazi za nyumba hii, nadhani wameziongeza.

Sasa, hujanijibu. "Hakuumwa" si jibu, Mvuke. Yule mtu nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Nataka kujua kitu kimoja tu: alilalamika? Alikuambia lolote?

Wifi yako,
Kengele

*

SIMU YA MAANDISHI
13 MACHI

USIKANDWE MGUU. NENDA HOSPITALI KUBWA LEO. WAONYESHE MGUU. BARUA INAFUATA. MVUKE

*

13 Machi 1996

Kengele, wifi yangu,

Natoka posta sasa hivi. Karani aliniuliza mara mbili kama nina hakika na neno "usikandwe". Nikamwambia liandike kama lilivyo.

Nilikudanganya. Nimekaa na jambo hili miezi tisa kama mtu aliyemeza mfupa, na leo nalitoa kwa sababu ya mguu wako. Ningekuwa na njia nyingine ya kukufanya uamini, ningeitumia.

Kaka yako mguu ulimuuma. Wa kushoto. Walipomletea zile saa za stesheni alikaa kwenye kiti chake wiki tatu, anainuka kula na kulala tu. Nikimwambia nyoosha miguu, anasema saa hazijinyooshi zenyewe. Jioni moja akaniambia, "Mvuke, mguu huu umegoma." Nikaushika. Shavu la mguu lilikuwa limejaa, lina joto, linang'aa. Ni maneno yako uliyoniandikia, moja baada ya jingine. Nilipoyasoma nilikaa chini sakafuni palepale dobi, na shuka la mtu likaungua.

Unaijua mikono yangu. Miaka kumi na saba ya pasi. Nilichukua taulo, nikaliloweka maji ya moto yenye sabuni, nikamkanda. Jioni sita mfululizo. Alikuwa ananiambia, "Punguza, mwanamke, huo si mkunjo wa shuka." Tunacheka. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote, kwamba tulikuwa tunacheka.

Siku ya saba nilimkanda asubuhi, kwa kuwa ndiyo siku ya kupeleka saa stesheni na nilitaka atembee vizuri mbele za watu. Nikaenda kazini. Saa nne wakaja kuniita.

Daktari alinikalisha kwenye benchi akanieleza taratibu. Alisema damu iliganda ndani ya mshipa wa mguu. Donge likang'oka, likapanda na damu, likapita kwenye moyo, likaziba njia za mapafuni. Halafu akaniuliza, "Mama, mguu ulikuwa unamuuma?"

Nikasema, "Sijui."

Wifi, nilisema sijui. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka sabuni ya lile taulo.

Sikukuambia kwa sababu ungejua kwamba mimi ndiye niliyelisukuma lile donge. Nililisukuma kwa mikono hii, huku nacheka. Ukishapona unichukie utakavyo, nitakuwa hapahapa. Lakini kwanza upone. Usikubali mtu akuguse huo mguu. Usiende zahanati, nenda hospitali kubwa. Wasipouliza mguu, wewe uonyeshe.

Na yale mapumziko matatu ya kuandika barua. Ulikuwa unapumzika nini, wifi? Mkono, au pumzi?

Mvuke

*

15 Machi 1996

Mvuke,

Umenitisha mimi na umemtisha tarishi. Alisimama mlangoni akanitazama mguu kwanza ndipo akanipa karatasi. Nani kakufundisha kuandika kama mkuu wa jeshi?

Nimetii nusu. Hospitali kubwa ni mbali na nilikuwa hoi, nikaenda zahanati ya hapa kona. Tabibu akaniuliza nasumbuliwa na nini. Nikamwambia pumzi inakatika, na ubavu wa kulia unachoma nikivuta hewa. Akasikiliza mgongo wangu, akanipa vidonge vya kifua na chupa ya dawa ya kikohozi. Basi.

Mguu sikumwonyesha. Nilivaa soksi nzito, chumbani kulikuwa na watu watatu wakisubiri, na ngozi yenyewe tangu plasta inabambuka kama ya nyoka. Mtu mzima ana aibu zake. Halafu mguu ulivunjika, unajulikana, una faili lake. Nilikwenda kwa kifua.

Ndiyo, kifua. Sikukuandikia kwa kuwa una mizigo yako.

Kukandwa nimeacha. Mama Pacha amenuna. Amesema, "Wifi yako anapiga pasi, udaktari kaupata lini?"

Hiyo barua unayosema inafuata haijafika. Nimeandika mistari michache hii na jasho linanitoka kama nimebeba gunia. Nitaendelea kesho.

Kengele

*

18 Machi 1996

Kwa Mama Pacha, jirani wa wifi yangu,

Hatujuani, lakini nakujua kwa mafuta yako ya moto na kwa wema wako. Barua hii nimeiweka mkononi mwa dereva wa basi, ameniahidi ataifikisha kesho asubuhi. Ukiipata, tafadhali usimalize kazi uliyonayo. Panda juu kwa Kengele.

Amevimba mguu, hilo unalijua. Pumzi inamkatika na ubavu unamchoma, hilo pengine hakukuambia. Tabibu ameambiwa kifua bila mguu. Wewe umeonyeshwa mguu bila kifua. Dada yangu, ni ugonjwa mmoja. Mume wangu, kaka yake Kengele, alikufa nao.

Mpeleke hospitali kubwa. Usimwache apande wala kushuka ngazi kwa miguu yake, tafuta watu wambebe. Atabisha kwa sauti, mwache abishe. Ukifika, sema mguu na kifua pamoja, mbele ya mtu mmoja, kwa wakati mmoja. Soksi yeye hataivua. Mvue wewe.

Sikulaumu kwa kumkanda. Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani wa kumlaumu mtu kwa hilo.

Mke wa Sekunde, fundi saa

*

20 Machi 1996

Kwa Dada wa Pasi,

Mimi si mwandishi, nakupa habari tu.

Dereva alinipa barua jana saa tatu asubuhi. Niliisoma nikiwa napanda. Kengele nilimkuta amekaa kwenye ngazi, katikati ya ghorofa, kapu mkononi, midomo imebadilika rangi. Akaniambia, "Napumzika kidogo." Hakusema kwa kelele. Ndipo nilipoogopa. Miaka tisa nakaa chini yake sijawahi kumsikia akisema taratibu.

Fundi viatu na mwanawe walimshusha na kiti. Hospitali tulikuta foleni. Sikupanga foleni. Nilisema mguu na kifua kama ulivyoandika, kwa pumzi moja, na soksi nikamvua mwenyewe mbele ya umati. Daktari akaacha kalamu. Alimbonyeza hapa na pale, akamwita mwenzake, wakamsukuma kwenye kitanda chenye magurudumu, mlango ukafungwa.

Baadaye alitoka mmoja akaniuliza kama alikuwa anakandwa. Nikasema ndiyo, na mikono ni hii. Akaandika.

Jana jioni sikuruhusiwa kumwona. Leo pia. Wanasema amewekewa hewa na dripu na wanangoja saa ishirini na nne. Ukiwauliza zikipita itakuwaje, wanasema tungoje.

Barua yako ile ndefu ilifika jana mchana akiwa ameshachukuliwa. Nimempa muuguzi amwekee chini ya mto. Mimi siku hizi mbili sijagusa mafuta hata ya kupikia.

Mama Pacha

*

23 Machi 1996

Kengele,

Hizo saa ishirini na nne zimekwisha mara tatu na sina neno. Naenda posta asubuhi kabla ya kazi na mchana wakati wa chakula. Karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani, ili kuniokolea hatua.

Jana nimepiga pasi shati moja mara nne. Msimamizi amenihamishia kukunja.

Kama umeisoma barua yangu na umenikasirikia, ni haki yako. Nikasirikie, wifi, lakini nikasirikie ukiwa hai. Mwambie Mama Pacha aandike neno moja, hata tusi. Begi langu liko mlangoni. Nikikosa habari mpaka Jumatano nitapanda treni nije, hata kama hutaki kuuona uso wangu.

Mvuke

*

SIMU YA MAANDISHI
25 MACHI

YUKO HAI. AMEULIZA MIWANI YAKE. AMEKISEMA VIBAYA CHAKULA. USIJE. BARUA ATAANDIKA MWENYEWE. MAMA PACHA

*

1 Aprili 1996
Wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja

Kwa Mvuke,

Niko hai. Naliandika kwanza ili usiruke mistari kulitafuta.

Sikunyamaza kwa hasira. Barua yako niliisoma siku ya nne, walipoacha kunivalisha ile barakoa ya hewa. Nilianza kukujibu mara tano. Utaona mbele kwa nini nilishindwa.

Kwanza nikueleze walichonifanyia, najua utataka kila uzi. Walinibana kidole kwa kibanio kinachopima hewa iliyomo kwenye damu. Kikapiga kelele, kila mtu akageuka isipokuwa mimi. Wakanibandika nyaya kifuani kusoma moyo. Wakaupaka mguu ute wa baridi na kupitisha kifaa juu yake, huku wakitazama kwenye kioo. Daktari alinionyesha. Mshipa mzima ukiubonyeza unalala, unafunguka tena. Wangu ulikataa kulala, kulikuwa na kitu ndani. Kisha wakaniingiza kwenye mashine kama pete kubwa, wakanichoma dawa mshipani, joto likanishuka mwili mzima mpaka nikadhani nimejikojolea. Nilimwambia hivyo yule wa mashine. Kwa sauti yangu hii. Wa chumba cha pili walicheka.

Madonge matatu, Mvuke. Mawili pafu la kulia, moja la kushoto. Daktari alisema ningepanda zile ngazi mara moja au mbili zaidi, tusingekuwa tunaongea.

Dripu ilikuwa ya dawa ya kuzuia damu kuganda. Walinitoa damu asubuhi, mchana na jioni kupima kama imetosha, mpaka nikawauliza mtaniachia ya kupumulia? Sasa nameza vidonge, miezi sita. Daktari anasema dawa haiyeyushi donge. Inalizuia lisikue na jipya lisizaliwe, na mwili wenyewe unalimaliza polepole. Muuguzi mmoja kaniambia dawa hii ni ya ukoo mmoja na sumu ya panya. Nimemwambia asimwambie Mama Pacha, atanitegea jibini. Mboga za majani nisizidishe ghafla wala nisiache ghafla. Fizi zikitoka damu nirudi. Kidonge saa ileile kila siku bila kukosa.

Nilimuuliza juu ya kukandwa, Mama Pacha akiwa amesimama pale analia. Huyu daktari ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiwandani, nilimsikia vizuri. Alisema, "Mguu wa namna hii haukandwi, na mkawaambie wengine. Lakini donge hung'oka mtu akikandwa, akitembea, akikohoa, au amelala tu. Hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia hili lilitoka kwa mkono wa nani. Msiniletee kesi, mimi nina wagonjwa."

Nimekunukulia kila neno kwa ajili yako.

Sasa hili lililonishinda. Ulisema umemeza mfupa. Mimi pia.

Wiki mbili kabla hajafa, kaka aliniandikia. Barua yenyewe naiweka humu ndani, isome kwa macho yako. Nanakili kipande ili nisije nikabadili nia nikaiacha: "Dada, ngazi za nyumbani nadhani wameziongeza. Nikifika juu hewa imekatwa kama kwa mkasi. Juzi nimekohoa, kitambaa kikawa na uzi mwekundu. Usimwambie Mvuke, ataninyang'anya saa za stesheni. Nikizimaliza nitakwenda kupima."

Nami nilimjibu nini? Nilimwandikia, "Umezeeka, Sekunde, kubali." Nikachora na mkongojo. Sijui kama aliipata akiwa hai.

Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza bila kukoma kama alilalamika. Nilitaka useme ndiyo, alikuambia na wewe ulijua, ili nisiwe peke yangu. Na ukisema hakuumwa, mimi nasoma, "Wewe ulijua ukanyamaza." Hata mimi mwenyewe nilipoanza kushindwa ngazi niliandika maneno yake yaleyale, nikayapita kama siyajui.

Mguu alikuambia wewe. Kifua aliniambia mimi. Kila mmoja alishika kipande chake akakificha kwa upendo, na yeye katikati anatengeneza saa. Barua mbili tu, Mvuke, yako kwangu na yangu kwako, na angekuwa kitanda cha kumi na mbili hapa ananiambia nipunguze kelele.

Kama kuna wa kuchukiwa, tugawane.

Kengele

*

7 Aprili 1996

Kwa Kengele, wifi yangu,

Barua ya Sekunde nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Ule mwandiko wake mdogo, kama anaandika ndani ya saa.

Kile kitambaa nilikifua mimi. Ulipoandika uzi mwekundu nikakiona mbele yangu, cheupe chenye mstari wa buluu. Doa lilikuwa dogo. Nilidhani ni kutu ya saa, nikalitoa kwa maji baridi na chumvi, nikajisifu lilivyotoka. Kwa hiyo hata kifua kilipita mikononi mwangu, wifi, na nikakifua. Usiseme ulikuwa nacho peke yako.

Kuhusu mchoro wa mkongojo: ulifika. Aliubandika kwa gundi ndani ya droo ya meza yake, bado upo. Nilikuwa nauona sijui maana yake. Alikuwa akivuta droo kuchukua koleo anatabasamu, nami nadhani anafurahia koleo.

Jumatano nilifanya jambo. Niliomba ruhusa, nikaenda hospitali ya huku alikopelekwa Sekunde, nikamtafuta yule daktari aliyenikalisha kwenye benchi. Amekuwa mnene kidogo. Hakunikumbuka. Nikamwambia, "Mwaka jana uliniuliza kama mguu wa mume wangu ulikuwa unamuuma, nikasema sijui. Nimekuja kujibu. Ulimuuma siku saba, wa kushoto, na nilikuwa namkanda. Na pumzi ilikuwa inamkatika, alimwandikia dada yake." Nilifikiri atanifukuza. Akanitolea kiti. Akaniuliza alikuwa anafanya kazi gani, anakaa muda gani bila kuinuka. Akaandika yote. Akasema sasa akija mtu na mguu atamuuliza kifua, na akija na kifua atamvua soksi, na hata fundi anayekaa sana kitini atamuuliza vyote viwili. Nikarudi kazini. Msimamizi amenirudishia pasi yangu.

Hasira sina. Nimeitafuta. Nimekuta hofu tu, na hata hiyo jana imeniacha nikalala mpaka asubuhi.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi kidogo, nimekifunga kwa kitambaa kile cha mstari wa buluu. Ni saa yake ya mkononi. Umesema kidonge kina saa yake kila siku, na mtu wa kukukumbusha huna, na saa ya mezani inayolia huwezi kuisikia. Hii hailii. Itie ufunguo mara ishirini, si zaidi, inakwenda sawasawa mpaka kesho yake. Hesabu kwa midomo bila sauti, kama unaweza, najua ni kazi kubwa kwako. Ukimaliza kuhesabu, meza kidonge. Nyumba yangu sasa itakuwa kimya jioni, lakini nitajua saa iko wapi na mkono wa nani unaitia ufunguo.

Ngazi panda taratibu. Mama Pacha mwambie mafuta arudishe jikoni, namsalimu sana.

Na kila siku, saa kumi na mbili jioni, ukimkumbuka yeye, nikumbuke na mimi.

Wifi yako,
Mvuke